Wiki nane za komedi ya papo kwa papo hapa Chicago, na ule ubishi wa kipaji au mazoezi

Jumanne iliyopita nimemaliza darasa la ngazi ya kwanza la improvu, ile komedi ya papo kwa papo, watu wawili watatu wanapanda jukwaani hawana maandishi wala hawajapanga chochote, wanaomba neno moja kwa watazamaji, mtu anapaza sauti "nanasi!", basi hapo hapo hadithi inaanza. Wiki nane, kila Jumanne saa moja usiku mpaka saa tatu na nusu, dola 340, na wiki ya mwisho mnafanya onesho mbele ya ndugu na marafiki. Naandika kwa sababu kabla sijalipa nilitafuta sana maoni ya mtu anayeongea Kiswahili aliyepitia darasa kama hili sikupata, na mi swali langu lilikuwa moja tu, hiki kitu kinafundishika au naenda kumwaga hela?

Swali lenyewe nimetoka nalo nyumbani. Sisi tumekulia Temeke, na kwetu mwenye kipaji anajulikana, ni mdogo wangu wa kiume, tangu yuko darasa la tatu akisimama mbele ya wageni anaiga sauti ya kondakta wa daladala watu wanashika mbavu, mimi nilikuwa yule wa kukaa kwenye mkeka kimya nasikiliza. Nilipomwambia nimejiandikisha akanitumia ujumbe wa sauti, "Dada, kuchekesha mtu anazaliwa nako, hao wanakula hela yako bure." Hakusema kwa ubaya, anaamini hivyo, na wengi wetu tunaamini hivyo. Marehemu Mzee Majuto alikuwa akitokea tu kwenye skrini, hajafungua mdomo, nyumba nzima washaanza kucheka, na kila mtu anasema kile kipaji bwana hakisomewi. Lakini hatujiulizi yule mzee mpaka anatutoka 2018 alikuwa kaigiza miongo mingapi, mbele ya watu wa aina gani, usiku mangapi watu hawakucheka. Hizo saa hakuna aliyezihesabu.

Chuo chenyewe sikitaji jina kwa sababu nina malalamiko nitayasema huko chini. Kipo upande wa kaskazini wa jiji, ghorofa ya pili, unapanda ngazi za mbao zinazolia, chumba kina viti vya kukunja na zulia jeusi na hakuna kingine. Msitegemee ukumbi wa kifahari.

Kitu cha kwanza kilichonishika ni historia, mwalimu wetu aliieleza siku ya kwanza kwa dakika kama kumi na mi nikaenda kuifuatilia mwenyewe. Mchezo huu kwa sehemu kubwa umezaliwa hapa hapa Chicago, na haukuzaliwa na wachekeshaji. Kulikuwa na mama mmoja, Viola Spolin, alijifunza michezo ya watoto kwa mwalimu wake Neva Boyd pale Hull House, nyumba ya huduma kwa wakazi wa mtaa ule ambao wengi walikuwa wahamiaji, na mwishoni mwa miaka ya 1930 akawa anaendesha maigizo kwenye mradi wa serikali wa burudani, watoto na watu wazima wa makabila na lugha mbalimbali, wengine Kiingereza cha kubabaisha. Ukiwapa maneno ya kukariri hawawezi, kwahiyo akaanza kuwapa michezo. Mtoto akicheza anasahau kuona aibu, na akisahau aibu anaigiza. Mwanawe Paul Sills ndiye baadaye alikuwa mmoja wa walioanzisha vikundi vya komedi ya papo kwa papo, Compass Players 1955 na Second City mwaka 1959, ile ambayo imetoa wachekeshaji wengi tunaowaona kwenye televisheni za Marekani. Na kwenye kitabu chake cha 1963 huyo mama anashikilia kwamba kila mtu anaweza kufanya papo kwa papo, na kinachoitwa kipaji huenda ni uwezo tu wa mtu kulipokea jambo kwa ukamilifu zaidi kuliko wenzake.

Siku moja nilikwenda Hull House, siku hizi ni makumbusho pale Halsted Street ndani ya eneo la chuo kikuu. Nilisimama kama nusu saa. Mi mwenyewe nimekuja nchi hii Kiingereza changu cha shule, naongea nikiwa natafsiri kichwani, na kujua kwamba huu mchezo ambao watu wanauona wa Wazungu wenye maneno mengi ulitengenezwa kwa ajili ya watu wa namna yangu, nilijisikia nina haki ya kuwepo darasani. Hilo peke yake lilinirudishia robo ya dola zangu.

Sasa darasa. Tulikuwa kumi na wanane. Wiki ya kwanza ni michezo mitupu, kutupiana mpira usiokuwepo, kuigana kama kioo, hadithi ambayo kila mtu anasema neno moja anampisha mwenzake. Unaweza kudhani unapotezewa muda. Halafu kuna mmoja wa kuhesabu, mnakaa duara mmefumba macho, mnatakiwa mhesabu mpaka ishirini, mtu yeyote anaweza kusema namba inayofuata ila watu wawili wakisema kwa pamoja mnarudi moja. Hakuna zamu, hakuna ishara. Siku ya kwanza tuliishia nne. Nne! Watu kumi na wanane wenye akili zao. Kila mtu alikuwa anasubiri nafasi ya kusema na hakuna aliyekuwa anasikiliza chumba.

Wiki ya pili na ya tatu ndo moyo wa darasa lote, na kama mtaingia msikose hizo mbili. Hapo tulifundishwa "ndiyo, na". Maana yake mwenzako akisema kitu jukwaani unakikubali kuwa ndo ukweli wa ile dunia yenu na unaongeza chako juu yake. Akikuita daktari, wewe ni daktari. Akisema mvua inanyesha, umelowa. Inasikika rahisi mpaka usimame pale taa zinawaka, mwenzangu akaniambia "mama, ng'ombe amerudi" na mi kichwani nilikuwa nimeshapanga kuanza igizo la benki, nikamjibu hii ni benki hatuna ng'ombe, watu wakacheka kidogo na baada ya hapo kimya, igizo likafa mikononi mwetu. Mwalimu akatusimamisha, hakunigombeza, akauliza tu, "Ng'ombe alikuwa na ubaya gani?" Nililala na hilo swali. Ng'ombe hakuwa na ubaya wowote, mi ndo nilikuja na mzigo wangu nikakataa kuutua.

Tuliporudia, akaniambia nisijaribu kuchekesha, niseme kitu cha kwanza ambacho mama mwenye ng'ombe angesema. Nikasema "amerudi na nani?" Basi. Maneno matatu. Ukumbi ulicheka mpaka nikashtuka, kwa sababu kumbe yule ng'ombe alikuwa na watu wake, na mwenzangu akaanza kuniambia amerudi na mchumba, tukaenda dakika nne hivi tunajadili mahari ya ng'ombe. Nilikuja kujua kwamba huo ushauri ni wa zamani, Keith Johnstone, Mwingereza aliyehamia Calgary kule Kanada na akaanzisha mashindano ya papo kwa papo yanayoitwa Theatresports 1977, alikuwa anawaambia wanafunzi wake waseme kilicho wazi kabisa kwao, wasitafute ubunifu, maana kilicho wazi kwako si lazima kiwe wazi kwa mwenzako. Mi mahari ilikuwa wazi kabisa. Kwa wenzangu wa Illinois ilikuwa maajabu.

Nije kwenye kipaji. Darasani tulikuwa na kijana mmoja, sitamtaja, mwepesi wa mdomo kweli kweli, wiki ya kwanza kila akisema watu wanalia machozi, nikamuwaza mdogo wangu. Nikasema huyu keshamaliza kozi. Lakini kufika wiki ya tano ukiangalia wakati wa kuchagua wenza watu wanatazama chini. Kwa nini? Kwa sababu kila ukimpa hadithi anaifanyia mzaha anaimaliza hapo hapo, wewe umejenga nyumba ya dakika mbili yeye anaivunja kwa kicheko kimoja, kicheko anakichukua yeye na wewe unabaki umesimama kwenye vumbi. Na upande wa pili alikuwepo dada mmoja mhasibu, wiki tatu za mwanzo sauti yake haisikiki kiti cha pili, ila alikuwa haachi kitu. Ukitaja jina la mbwa dakika ya kwanza, dakika ya sita yeye ndo anamrudisha mbwa kwa jina lake, na hapo ndo ukumbi unalipuka. Alikuwa anakuja na daftari, akitoka kazini anakwenda kwenye vikao vya wazi vya mazoezi mara mbili kwa wiki. Onesho la mwisho yeye ndo alikuwa bora kuliko sisi wote, na simsemei kwa huruma, muulizeni yeyote aliyekuwepo.

Lakini lazima niseme na la upande wa mdogo wangu, maana nisipolisema nitakuwa nadanganya. Alikuwepo babu mmoja dereva wa basi mstaafu. Huyu tangu siku ya kwanza alikuwa na kitu ambacho mi sijui nikiiteje, akisimama tu unataka kumtazama, uso wake unabadilika kabla hajasema, anakaa kimya sekunde kumi na hakuna anayekohoa. Hilo hatukufundishwa wala sidhani lingefundishika ndani ya wiki nane. Unaweza kusema miaka thelathini ya kuangalia abiria kwenye kioo ni mazoezi yake, na mi naelekea huko, ila sitabisha mtu akisema kazaliwa nalo.

Mdogo wangu alipoona naanza kushinda ubishi akataka namba. Nikamtafutia. Mwaka 2014 Brooke Macnamara na wenzake walikusanya tafiti 88 kuhusu mazoezi ya makusudi na ubora wa watu, wakakuta mazoezi yanaeleza kama asilimia 26 ya tofauti ya uwezo kati ya mtu na mtu kwenye michezo kama sataranji, 21 kwenye muziki, 18 kwenye michezo ya mwili. Akaruka juu, "Dada si unaona, inayobaki yote kipaji!" Nikamwambia taratibu mwanangu, hapana. Inayobaki kuna umri ulioanza, kuna aliyekufundisha, kuna afya, kuna kama nyumbani ulikuwa na muda au ulikuwa unauza maandazi, kuna mengi ambayo hayakupimwa, na ndiyo, na kipaji kimo. Wala hakuna aliyeipima improvu kwenye hizo namba nilizompa. Ubishi ukabaki pale pale lakini angalau tunabishana vizuri.

Kilichonigeuza mimi sio namba. Ni mjomba. Sisi ni Wanyamwezi, na Dar watani zetu ni Wazaramo, na mjomba wangu ndo yule mtani anayeitwa kwenye misiba. Kama hujaona, mtani anafika msibani watu wanalia, yeye analala kwenye njia ya jeneza hatoki mpaka alipwe, anavaa koti la marehemu anatembea kama marehemu, anamdai mjane shilingi elfu tano za mwaka fulani, na wafiwa machozi yakiwa bado usoni wanacheka. Hana maandishi. Hajui atajibiwa nini. Hiyo ni papo kwa papo ngumu kuliko yoyote niliyoiona Chicago, kwa sababu ukikosea pale hakuna wa kukuzimia taa igizo liishe. Na ukoo mzima tunasema mjomba ana kipaji.

Wiki ya sita nikampigia. Shikamoo mjomba, marahaba mama, hali ya huko, baridi, nikamuuliza hii kazi ya utani ulizaliwa nayo? Akacheka, halafu akakaa kimya kidogo. Akasema alianza na miaka kumi na nne akimfuata mjomba wake yeye, na miaka ya mwanzo yote hakuruhusiwa kusema neno, kazi yake kubeba mfuko na kutazama. Na mpaka leo, akiitwa msiba, anafika mapema kabla watu hawajajaa, anakwenda nyuma jikoni kwa kina mama anasaidia kumenya vitunguu swaumu, anasikiliza. Marehemu alikuwa anapenda nini, alikuwa anagombana na nani, alikuwa anatembeaje. "Mama, utani kwa mtu usiyemjua ni matusi," ndivyo alivyoniambia. Akanieleza na siku moja ya ujana wake alipodai deni la mzaha kumbe kulikuwa na deni la kweli ambalo mjane hakulijua, akafukuzwa, na alikaa miaka miwili hajagusa utani. Mi nimemfahamu huyu mtu maisha yangu yote na sikuwahi kuijua hiyo habari. Tulimwona akiwa anachekesha tu, zile saa za vitunguu hatukuziona.

Nilikwenda darasani Jumanne ile nikiwa mtu mwingine. Mwalimu alitupa zoezi la lugha ya kubuni, unaongea chochote kisicho na maana na mwenzako anakuelewa kwa mwili tu, akaniambia mi naweza kutumia lugha yangu nikitaka. Nikaigiza mama anayegombea bei ya dagaa, Kiswahili cha Temeke chote nikakimwaga pale, "we kaka hii ndo fungu au umeninusisha tu?", na yule dada mhasibu akawa muuzaji kwa Kiingereza. Hakuelewa neno hata moja ila kila nikipandisha sauti alijua anashushwa bei, na alikuwa anashuka kidogo kidogo kwa uchungu kabisa kama muuzaji wa kweli. Nimekaa nchi hii miaka sita, siku ile ndo mara ya kwanza nimejisikia naongea mbele ya watu bila kutafsiri.

Kuna jamaa wawili wa hapa, TJ Jagodowski na David Pasquesi, wanafanya onesho pamoja tangu 2002. Niliwahi kuwaona. Hawaombi hata neno kwa watazamaji, taa zinawaka wanatazamana tu, na kwa karibu saa nzima wanajenga maisha ya watu, wakati mwingine hakuna kicheko dakika tatu na hawahangaiki. Ukiwaona utasema hawa walizaliwa hivi. Ila zaidi ya miaka ishirini na mtu yule yule! Yaani kuna ndoa hazifiki hapo. Watu wakisema wamezaliwa hivyo mi naona kama tunawanyang'anya kitu chao.

Malalamiko sasa. La kwanza, kumi na wanane ni wengi mno. Wiki ya nne nilipima kwa simu, ndani ya saa mbili na nusu nilikuwa jukwaani dakika kumi na moja. Kuangalia wenzako nako ni kujifunza, nakubali, ila kama chuo kinasema mazoezi ndo kila kitu basi kituachie tufanye mazoezi, kumi na wawili ingetosha kabisa. La pili limeniuma zaidi. Wiki ya nne na ya tano mwalimu wetu alikuwa na udhuru wakaleta wa muda, na huyo alikuwa anawapandisha wale wale wanaochekesha, kila saa "wewe tena, wewe tena", na yule dada mhasibu wiki ya tano alipanda mara moja tu. Karibu aache. Ukimfundisha mtu kwa kumpa nafasi aliye tayari na kumnyima asiye tayari, baada ya wiki nane lazima uone "kipaji", umekitengeneza mwenyewe! Hili nililiandika ofisini kwao kwa barua pepe ndefu, na niwape haki yao, walijibu ndani ya siku mbili na wakatufungulia chumba Jumapili mbili bure kwa mazoezi. Yule mwalimu wa muda hakurudi, sijui kama ni kwa sababu yangu.

La tatu dogo, joto. Chumba kina joto sana, njooni na maji.

Kwa anayefikiria kujiunga: Kiingereza chako kisikutishe, usijipange na vichekesho vya kwenda kusema, hii sio stendapu, ile ya mtu mmoja kusimama na vichekesho alivyoviandaa, vaa viatu laini maana mtakaa chini na kuinuka sana, na nenda kwenye vile vikao vya wazi mapema, usisubiri mpaka ujione uko tayari kama nilivyofanya mimi, nilianza wiki ya sita na nimejutia wiki tano zote. Mwenye shida ya bei aulize, vyuo vingi vya namna hii vina nafasi za punguzo ila hawazitangazi kwa sauti. Nawapa nyota nne. Ya tano wataipata wakipunguza watu darasani. Ngazi ya pili nimeshalipia.

Na ule mchezo wa kuhesabu, wiki ya nane tulifika ishirini, tulikaa kimya kwanza halafu chumba kizima kikapiga kelele. Nilimwelekeza mdogo wangu kwenye simu akaenda kuujaribu kijiweni na wenzake, watu saba, wote wajuaji wa mdomo. Jana kanitumia ujumbe wa sauti saa sita usiku ya kwao, wamekaa masaa mawili, wamefika tisa.